Siku maza alipodhani nimekopa kausha damu

Sisi watoto wa arts tunajuana. Ukipewa kitabu cha fasihi we husomi hadithi, we unachimba dhamira. Ukurasa wa kwanza mtu anafiwa, badala ya kusikitika unachomoa kalamu unaandika pembeni "mgogoro wa kifamilia", ukurasa wa pili mjane anadhulumiwa shamba unaandika "nafasi ya mwanamke katika jamii", basi unaenda hivyo mpaka kitabu kinaisha. Ukija kuniuliza nakupa fani na maudhui yote bila kupumua, muundo, mtindo, wahusika, ujumbe, falsafa ya mwandishi, ila ukiniuliza kama nilikipenda hapo nakutolea macho tu maana hilo swali halijawahi kuja kwenye mtihani.

Sa madam wetu wa fasihi akaja na habari kwamba klabu itaigiza Shakespeare siku ya wazazi. Darasa zima likaguna. Mzee wa watu kafa 1616, hiyo tamthilia yenyewe imechapwa 1600, leo hii watoto wa Mbeya tunaenda kumfufua mbele ya wazazi waliofuata wali nyama. Madam akasema tulieni, tunatumia ya Kiswahili, Mabepari wa Venisi, ile aliyotafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969. Hapo kidogo nikashtuka. Yani mtu ni rais, Azimio la Arusha lina miaka miwili tu, nchi nzima inamwangalia yeye, halafu usiku anakaa na Shakespeare na kalamu? Na haikuwa ya kwanza, ya Julius Caesar alishaitoa toka 1963. Mimi nikiwa na homework ya jiografia peke yake nashindwa hata kuosha vyombo.

Kama hujaisoma nakupa kwa kifupi. Kuna kijana anaitwa Bassanio anataka kwenda kumposa Portia, dada wa kishua, ila mfukoni hana kitu. Anaenda kwa rafiki yake Antonio mfanyabiashara. Antonio nae mtaji wote uko kwenye meli huko baharini, kwaiyo anaenda kukopa kwa Shylock, dukati elfu tatu kwa miezi mitatu. Shylock anasema riba sitaki, ila ukichelewa nakukata ratli moja ya nyama. Ratli ni nusu kilo kasoro kidogo. Antonio kwa kujiamini akasaini, meli zikasemekana zimezama, siku zikaisha, Shylock akaja mahakamani ananoa kisu.

Mi nikapewa Antonio. Sababu ya madam ni kwamba mimi ndo mwembamba kuliko wote, kwaiyo watu wataona huruma zaidi nikikatwa. Jamaa yangu wa Ilomba akapewa Shylock, na kuanzia hapo jina lake la kwenye cheti lilikufa, shule nzima Shylock, mpaka mama ntilie wa getini Shylock, na yeye akaingia kwenye hiyo nafasi mzima mzima. Akikuta nakula andazi anasema usinenepe sana mkataba unasema ratli moja tu.

Basi likizo ya mwezi wa sita ikaingia. Mnaoijua Uyole mwezi wa sita mnajua, baridi inakuingia mpaka kwenye kope, unavaa sweta juu ya sweta. Simu hatuna, mimi natumia ya maza, Shylock anatumia ya kaka yake. Tukapanga aje home Jumamosi tufanye ile sehemu ya mahakamani. Ijumaa usiku akatuma meseji, na kwa akili zake akaituma kimhusika. Naikumbuka neno kwa neno maana ilikuja kusomwa mbele yangu kwa sauti:

"Antonio muda wako umeisha. Hela sitaki tena hata ukileta mara mbili. Kesho saa nane nakuja hapo kwenu na kisu na mizani, nachukua nyama yangu karibu na moyo. Usinikimbie."

Mi nshalala. Maza hajalala.

Sa ili muelewe maza kilichomkuta inabidi muelewe mtaani kwetu mikopo ya kausha damu imetufanya nini. Unachukua laki leo, ukiteleza wiki moja deni limeota mapembe, wanakuja na pikipiki wanabeba friji, wanabeba godoro, jirani yetu mmoja walimbebea mpaka kabati la vyombo na vyombo vikiwa ndani. Na hii ya kwenye simu ndo mbaya zaidi, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, maza aliisikia redioni akanikalisha chini akaniuliza kama nimewahi kubonyeza chochote. Kwaiyo akiona meseji namba hana, mtu anakuja na kisu, anataka nyama karibu na moyo, yeye hakuwaza fasihi. Akamwamsha mdogo wangu akamuuliza Antonio ni nani. Dogo huku anasinzia akajibu, "Si kaka."

Asubuhi nikatumwa mashine kusaga. Foleni ilikuwa ndefu nikachelewa, narudi na debe langu kichwani nakuta mlangoni viatu vimejaa. Kwetu viatu vikijaa mlangoni mchana ni mawili, posa au msiba, na kwetu hakuna wa kuolewa. Miguu ikaisha nguvu. Mzee yupo safarini anaendesha lori la Zambia, moja kwa moja nikajua ni yeye.

Nikaingia. Baba mdogo katoka Tukuyu na basi la alfajiri, kavaa koti lake la vikao. Mama mkubwa yupo. Mjumbe yupo, kakaa kwenye kiti cha mzee. Pembeni mwekahazina wa kikoba cha maza kakumbatia sanduku la chama, nikaja kujua baadae kwamba maza alishaomba wamfungulie mfuko wa jamii. Nikawaamkia wote shikamoo, wakaitika kwa huruma, afu baba mdogo akasema kwa sauti ya taratibu ambayo sijawahi kuisikia toka nizaliwe, "Kaa mwanangu. Usiogope. Sisi ni wazazi wako. Antonio ndo wewe?"

Kumbe hakuna aliyekufa! Nilifurahi nyie. Na nikajua sasa, maza kawaambia kuhusu siku ya wazazi wamekuja kuulizia igizo. Familia yetu haijawahi kuniuliza kitu cha shule zaidi ya nafasi ya ngapi. Nikakaa vizuri.

"Ndio baba, mimi ndo Antonio."

"Na huyu anaekudai?"

"Shylock."

"Ni wa kabila gani huyo?"

"Myahudi, baba."

Mama mkubwa akashika kifua. Baba mdogo akameza mate. "Ulimkopa kiasi gani?"

"Elfu tatu."

Kimya. Baba mdogo akamgeukia maza. "Shemeji, mmenitoa Tukuyu kwa elfu tatu?" Akaingiza mkono kwenye koti akatoa noti ya elfu tano akaibamiza mezani, akasema huyo mtu akija apewe, chenji abaki nayo anywe chai.

"Ila baba, sio shilingi."

"Ni nini?"

"Ni dukati, hela za kule Venice. Italia."

"Mungu wangu, ni zile za mtandaoni!" Hiyo ni mwekahazina. Akalivuta sanduku karibu zaidi na tumbo.

Mjumbe akaweka mkono juu watu watulie. Akaniuliza hizo hela nilizifanyia nini. Nikamwambia ukweli wa kitabu, kwamba wala sikuzitumia, alichukua rafiki yangu Bassanio aende kuposa, mi nilisaini tu kumdhamini.

Hapo maza akaangua kilio. Na sio kilio cha kuogopa kisu, hiki kilikuwa kingine, maana maza miaka ya nyuma alimdhamini mwenzie kwenye kikoba, yule dada akahamia Tunduma na namba akabadilisha, maza akalipa lile deni kwa hela ya viazi msimu mzima. Analia anasema, "Nimekuzaa wewe ukarithi hili? Katika vitu vyangu vyote ukarithi kudhamini?"

Nikaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa. Nikafungua mdomo niulize, na hapo hapo nje ikasikika hodi.

Saa nane kamili. Huyu Shylock shuleni hajawahi kuwahi hata paredi.

Kaingia na koti jeusi refu la babu yake, mkononi kiroba, na kwa vile alidhani nipo peke yangu akasukuma mlango akanguruma ile sauti ya jukwaani, "Iko wapi nyama yangu!" Hakumaliza. Baba mdogo alitoka kwenye kochi sijui alitokea wapi, wakaenda chini wote, meza ikapinduka, debe la unga nililoliweka mlangoni likamwagika, dakika hiyo hiyo humjui nani Myahudi nani wa Tukuyu, wote weupe. Mama mkubwa anapiga kwa kandambili, na nyingi zilimpata baba mdogo.

Walipomdhibiti mjumbe akaanza upekuzi. Kiroba kikafunguliwa. Ikatoka mizani, ya shangazi yake Shylock anaeuza dagaa wa Nyasa pale Mwanjelwa, sebule nzima ikanuka. Kikatoka kisu, boksi limezungushiwa karatasi ya kung'aa ya kwenye pakti ya sigara, mjumbe alikikunja kikakunjika akakiangalia muda mrefu. Zikatoka ndevu za pamba. "Ana vifaa vya kujibadilisha," mjumbe akasema. Mwisho ukatoka mkataba tulioandika kwa kalamu nyekundu, na dole gumba langu.

Mjumbe akavaa miwani akausoma wote mpaka chini, afu akaurudisha mezani kwa dharau. "Huu ni batili. Hauna shahidi, hauna muhuri wa serikali ya mtaa." Akamgeukia Shylock ambae bado kakaliwa mgongoni. "Na wewe kijana, leseni ya kukopesha unayo? Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo toka 2018, hujui?"

Shylock kwa sauti ya chini kabisa, unga puani, akasema, "Shikamoo babu. Mi nipo form three B."

Nikakimbia chumbani nikaleta kitabu. Ni nakala ya madam, ya siku nyingi, jalada limeshikiliwa na selotepu. Mjumbe alipoona jina la aliyetafsiri akavua kofia, wallahi kofia aliivua, akamwambia baba mdogo, "Mwachie mtoto. Hiki ni cha Mwalimu." Afu akaanza kucheka, mabega yanapanda yanashuka hana sauti.

Ila hawakuondoka. Maza aliweka chai, Shylock akapigwa vumbi la unga, na baba mdogo akasema nauli yake haiwezi kwenda bure, igizeni. Tukaigiza palepale. Walisikiliza vile ambavyo sisi darasani hatujawahi kusikiliza. Sisi tulishajaza daftari kwamba dhamira ni tamaa, chuki na kisasi, basi. Hawa walikuwa wanauliza maswali ya watu wanaojua deni. Mwekahazina akauliza huyo Antonio alikuwa anamtukana na kumtemea mate Shylock miaka yote, leo anaenda kumkopa kwa uso gani? Tulipofika pale Portia amejivika uanasheria anasema kata nyama ila damu isidondoke hata tone, wakapiga makofi. Tulipoendelea kwamba Shylock basi hata ile elfu tatu yake hapewi, mali ananyang'anywa na dini analazimishwa kubadili, makofi yakakata. Maza akauliza mara mbili, "Hata mtaji?" Nikamwambia hata mtaji. Akanyamaza akaendelea kukoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka kitambo.

Siku ya wazazi ikafika. Maza kaja na kikoba chote, wamejaa mstari wa mbele na vitenge vya sare. Mambo yanaenda safi, mi nimefunguliwa shati kifua wazi kwenye lile baridi natetemeka bila kuigiza, Portia wetu binti mmoja mkali kweli wa form four anashusha hukumu, akafika pale kwamba Shylock asipate hata senti. Maza akasimama.

"Apewe hela yake bwana! Nyama asipewe, riba asipewe, ila mtaji wake apewe!"

Kikoba chote kikaitikia, "Apewe!" Wazazi wa nyuma nao wakadaka, ukumbi mzima apewe apewe. Madam kwenye pazia kashika kichwa. Portia mistari yote ikamruka, akaangalia watu, akamwangalia Shylock, akasema, "Haya, apewe."

Shylock akavua ndevu, akainama, "Ahsante mama," akatelemka jukwaani mbele ya watu akaenda mpaka alipokaa baba mdogo, akanyoosha mkono. Na baba mdogo akatoa ile elfu tano.