Rangi nyeusi haifuti mstari

Mstari wa barabarani uliopakwa rangi nyeusi haujafutwa, umefichwa tu. Nasema hivi kwa sababu njia za barabara zikigawanywa upya na mistari ya zamani ikatakiwa kuondolewa, njia inayokimbiliwa kwanza ni hiyo: ndoo ya rangi, brashi, kazi imekwisha.

Itazame lami hiyo usiku wa masika, imelowa. Rangi nyeusi ni laini kuliko lami, kwa hivyo taa ya tuktuk ikiipiga inameta, na dereva anaona mistari miwili: mpya wenye chembe za kioo, na wa zamani unaodaiwa umefutwa. Kijana wa bodaboda anayetoka Gede na abiria nyuma yake afuate upi? Magurudumu nayo yakishaila hiyo nyeusi, nyeupe inachungulia tena. Marekani, mwongozo wa taifa wa alama za barabarani unakataza waziwazi kuihesabu rangi nyeusi kuwa ni kufuta. Katazo kama hilo liandikwe kwenye kila zabuni ya barabara za Pwani.

Njia nyingine ni mashine ya kukwangua kwa meno ya chuma: inamaliza kazi upesi, hata kwa ile rangi nene ya kuyeyushwa kwa moto, inayofika milimita 3. Lakini inakula na lami yenyewe. Inaacha mfereji, maji yanatuama, na asubuhi anayeendesha kuelekea baharini, jua likiwa chini, anauona mfereji huo kama mstari kamili. Kwenye barabara ya kokoto zilizoshikwa na lami nyembamba ni hasara zaidi, maana kokoto zinang'oka. Halafu kuna vumbi. Rangi nyingi za manjano za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kandokando ya barabara zetu ndipo watu wanapouzia mahamri.

Mimi niko upande wa maji. Mashine hupiga maji kwa shinikizo linalozidi mara 2,000 lile la hewa, rangi inabanduka, na gari lilo hilo linafyonza maji pamoja na takataka. Lami inabaki karibu ilivyokuwa. Najua nitaambiwa: mabomba majumbani makavu, tunangoja maji ya visima vya Baricho, nawe wataka kuoshea barabara? Hoja ya haki kabisa. Ila kinachobandua rangi pale ni kasi ya maji, si wingi wake. Ni ghali, ndiyo. Basi mashine moja ikodishwe kwa ajili ya barabara zote za kaunti kwa mpigo, badala ya kila mkandarasi kujitafutia brashi yake. Na pale lami ilipochoka hata haihimili maji, tusihangaike na mstari mmojammoja: itandazwe tabaka mpya upana mzima, mistari ichorwe juu yake kabla magari hayajaruhusiwa kupita.