Mtungi wa Mafuta Unatosha Kuwa Mkoba wa Baiskeli

Watu wengi ninaowafahamu hapa Nairobi hawakuacha baiskeli kwa kuogopa matatu peke yake. Waliiacha kwa sababu ya mzigo. Unga, sukuma wiki, kompyuta, koti la mvua, viatu vya ofisini: vyote vikijazwa kwenye begi la mgongoni, ukitoka mjini kwa Ngong Road utafika Dagoretti Corner shati limelowa na mabega yanauma. Na uzito ukikaa juu mgongoni, kila ukikwepa shimo mwili wote unayumba nao. Mzigo huohuo ukining'inia chini, kando ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto kwa uzito unaolingana, baiskeli hutulia na mgongo hupata hewa. Hiyo ndiyo kazi ya mikoba ya pembeni, na msimamo wangu ni kwamba kwa mji huu mkoba bora ni ule unaojitengenezea kwa vitu vya hadiwea.

Anza na mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa manjano unaouzwa na mafuta ya kupikia, kisha ukiisha mafuta hubebewa maji mitaani. Uoshe kwa maji moto na sabuni mpaka harufu iishe. Pande zake ni bapa, kwa hiyo hulala vizuri kwenye keria, kile kibebeo cha mzigo juu ya gurudumu la nyuma; ndoo ya rangi ni ya duara, nayo hucheza. Tena mtungi ni mgumu wenyewe, jambo ambalo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa maana mkoba wa kitambaa usio na ubao mgongoni hujikunja ukaingia kwenye spoku. Kata dirisha kwenye bega la mtungi, upande ulio mbali na gurudumu, uache mpini mahali pake. Piga msasa kingo zote. Kifuniko kitoke kwenye mtungi mwingine uliotoboka, kiwe kikubwa kuliko dirisha ili mvua iteleze nje.

Usipoteze pesa kwa gundi. Plastiki ya mitungi hii haishikani na gundi za kawaida hata uipake namna gani. Tumia boliti, na kila boliti iwe na washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu) pande zote mbili, la sivyo uzito utaivuta mpaka ipenye plastiki. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani. Barabara zetu, zilivyo na matuta na viraka, hulegeza nati za kawaida upesi sana.

Kulabu za kuutundika mtungi kwenye keria ndizo zinazotaka subira. Mimi hupendelea flati-baa ya chuma yenye upana wa inchi moja na unene wa milimita 3, ikipindwa juu ili iketi kwenye bomba la keria, na mwili wake ushuke ndani ya mtungi ukisambaza uzito. Mafundi wa Kamukunji hupinda chuma kama hicho bila taabu. Lakini mpelekee fundi keria yenyewe, au baiskeli nzima, asipinde kwa kukisia, kwa sababu kulabu iliyolegea hugonga njia nzima na mwishowe huchanika. Ndani ya kulabu vika kipande cha tyubu kuukuu kuzuia kelele na mikwaruzo. Halafu chini ya mtungi funga ukanda mwingine wa tyubu wenye kindoano, uuvute mpaka kwenye mguu wa keria karibu na ekseli. Bila mpira huo, tuta la kwanza litaung'oa mkoba.

Asiye na fundi karibu anaweza kutengeneza kulabu kwa paipu ya PVC iliyopasuliwa kwa urefu. Maji ya kuchemka yanatosha kuilegeza. Kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na PVC huanza kulainika karibu na nyuzi 80. Usiiweke kwenye moto wa makaa kamwe. Ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaoumiza mapafu.

Najua wapo wanaoona kitu cha kujitengenezea kuwa cha mtu aliyekosa pesa. Sikubaliani nao hata kidogo. Hartmut Ortlieb, Mjerumani ambaye kampuni yake inauza mikoba ya baiskeli inayosifiwa duniani kote, alianza kwa kujishonea mkoba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa amenyeshewa akisafiri kwa baiskeli Uingereza, akaona malori yaliyofunikwa turubai na mizigo yake mikavu. Turubai za namna hiyo zinapita Mombasa Road usiku na mchana. Ukipata kipande chake na mshonaji mwenye cherehani ya ngozi, tia ubao wa plaiwudi mgongoni na una mkoba mwepesi kuliko mtungi. Mtungi bado naupenda zaidi, kwa sababu mayai na nyanya hufika salama.

Sababu kubwa ya msimamo wangu ni matengenezo. Mkoba wa dukani hushikiliwa na kibanio maalumu cha plastiki, na siku kikivunjika utakiagiza kutoka ng'ambo, usubiri, ulipe ushuru. Boliti na washa utazipata Kawangware, Umoja au Githurai, hata Jumapili jioni, kwa shilingi chache. Anayetegemea baiskeli kwenda kazini hawezi kusubiri kifurushi.

Keria nayo iangaliwe. Baiskeli aina ya Black Mamba huja na keria nzito na ina nafasi ya kutosha nyuma, kwa hiyo kisigino hakigongi mkoba. Baiskeli nyingi za mtumba za milimani hazina keria kabisa, na ile inayobana kwenye nguzo ya kiti tu haifai kazi hii: huzunguka ikielemewa upande mmoja. Tafuta yenye miguu inayofungwa kwa boliti karibu na ekseli. Kisha usogeze mikoba nyuma kiasi, ukizungusha pedali kwa mkono huku kiatu kikiwa juu yake, mpaka kisigino kipite bila kugusa.

Nyuma ya kila mtungi bandika rifleta nyekundu, maana mkoba unaweza kuificha taa iliyofungwa chini. Mwisho pima upana wa mikoba yote miwili ikiwa imefungwa, uulinganishe na usukani. Mikoba isizidi usukani. Hapo ukijipenyeza katikati ya matatu kwenye foleni ya Jogoo Road, usukani ukishapita utajua nyuma nako kutapita.