Mjomba, Mpwa na Mwaka wa Sungura: Kwa Nini Nasoma Mawe ya Tibet Kabla ya Vitabu Vyake

Mwaka wa Sungura uliingia, mfalme alikaa Mer-ke, waziri mkuu Tongtsen aliandika maandishi ya sheria huko Gor-ti, mwaka ukaisha. Haya ndiyo yote tunayoelezwa kuhusu mwaka 655 katika tarikhi ya kale kabisa ya dola ya Tibet, ambayo imepangwa mwaka baada ya mwaka, kila mmoja kwa mistari michache: mfalme, ambaye cheo chake kilikuwa tsenpo, alikaa wapi, baraza lilikutana wapi, nani alifariki, nani aliolewa. Mara ya kwanza niliposoma kifungu hiki nilikipita haraka nikitafuta habari za vita. Ilinichukua muda kutambua kwamba hapo palikuwa na jambo zito kuliko vita vyote: serikali iliyokuwa tayari na maandishi yake yenyewe, miaka michache tu baada ya kifo cha Songtsen Gampo, mfalme aliyeijenga dola hiyo, na mtu anayetajwa kuwa ameshika kalamu ni waziri mkuu.

Mtoto yeyote wa Kitibeti atakueleza habari tofauti. Atasema Songtsen Gampo alimtuma waziri wake Thonmi Sambhota aende India, akajifunza huko, akarudi na abjadi na sarufi. Simulizi hiyo ni nzuri, na sina nia ya kuidharau, kwa sababu herufi za Kitibeti zina asili ya Kihindi kweli. Hata hivyo, Thonmi hatajwi katika andiko lolote la zama za dola hiyo, si kwenye nguzo, si kwenye karatasi, si kwenye kijiti. Anajitokeza katika historia zilizoandikwa karne kadhaa baadaye na watawa wa Kibudha, waliotaka kila jambo jema la dola liwe limeelekea kwenye dini tangu mwanzo. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba anayetaka kuijua Tibet ya karne ya 7 hadi ya 9 aanze na maandishi ya wakati ule ule, hata kama ni mafupi na makavu, ndipo ageukie vitabu vya baadaye. Wengi tunafanya kinyume: tunameza simulizi kwanza, kisha tunaliendea jiwe ili litukubalie.

Tarikhi hiyo yenyewe imefika kwetu kwa bahati. Ilikuwa ndani ya pango dogo huko Dunhuang, mji wa jangwani kaskazini-magharibi mwa China ya leo, ambao Watibeti waliutawala tangu miaka ya 780 hadi 848. Pango lilizibwa mwanzoni mwa karne ya 11, na mwaka 1900 mtawa wa Kitao aitwaye Wang Yuanlu akaligundua. Aurel Stein, mwanaakiolojia aliyetumwa na Waingereza, alifika mwaka 1907, akaondoka na shehena ya hati ilhali hakuwa akisoma Kichina wala Kitibeti. Mwaka uliofuata akaja Paul Pelliot, msomi wa Kifaransa aliyekijua Kichina vizuri sana, akachagua zake. Matokeo yake ni kwamba hati moja, iliyokatika vipande viwili, ikawa na kipande kimoja Paris na kingine London. Leo picha zake zinaonekana katika intaneti, na mtu aliyekaa popote anaweza kusoma kipande cha kwanza na kuendelea na cha pili bila kupanda meli. Wasomi wa mwanzo walilazimika kuandikiana barua.

Tuje kwenye mawe. Nguzo maarufu kuliko zote ni ile ya mkataba wa amani kati ya Tibet na China, iliyosimamishwa mwaka 823 mbele ya hekalu la Jokhang mjini Lhasa, ikiwa na maneno ya Kitibeti na Kichina kwa pamoja. Kiapo kilikuwa kimeliwa Chang'an, mji mkuu wa China wa wakati ule, mwaka 821, kisha Lhasa mwaka 822. Watawala wawili wanatajwa humo kuwa mpwa na mjomba: tsenpo ni mpwa, mfalme wa China ni mjomba, kwa sababu mabinti wa Tang, ukoo uliotawala China, walikuwa wameolewa Tibet, wa kwanza mwaka 641 na wa pili mwaka 710. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno mjomba. Mjomba huheshimiwa, huombwa, na pia hudaiwa. Lakini kumwita mtu mjomba si kusema kwamba nyumba yako ni yake.

Hapa ndipo ninapokereka. Nguzo hii imegeuzwa silaha ya mabishano ya leo kuhusu kama Tibet ni sehemu ya China. Upande mmoja hunukuu mstari unaosema Watibeti wawe na raha katika nchi ya Tibet na Wachina wawe na raha katika nchi ya China, ukaishia hapo. Upande wa pili hunukuu mahali panaposema wafalme hao walishauriana dola zao ziwe kama moja, nao ukaishia hapo. Wote wamenukuu kweli, ila hakuna aliyesoma hadi chini. Anayeendelea atakuta kila upande unabaki na ardhi unayoishikilia. Kati ya nchi hizo mbili usionekane moshi wala vumbi. Walinzi wa mpakani wasiwe na hofu. Na mahali ambapo wajumbe watabadilisha farasi panatajwa kwa jina. Umoja unaopanga mahali pa kubadilishia farasi mpakani ni umoja wa aina yake, na jiwe lenyewe halioni mgongano wowote katika hilo.

Nguzo nayo si malaika. Ile ya Zhol, iliyo chini ya kasri la Potala, iliyochongwa yapata mwaka 764, inamsifu waziri Lukong kwa kufichua waliomuua mfalme aliyetangulia, na kwa kushauri uvamizi wa China baada ya Wachina kuacha kutoa vitambaa 50,000 vya hariri kwa mwaka. Ni kweli kwamba jeshi la Tibet liliingia Chang'an mwaka 763. Kwamba liliondoka baada ya wiki kama mbili, hilo tunalipata kwenye historia za Kichina. Nguzo ni tangazo la serikali, na tangazo huchagua la kusema.

Jambo dogo ambalo wengi huliona la wenye kupenda vijitabu vya sarufi tu ni tahajia. Neno la Kitibeti kwa mtu leo huandikwa mi, lakini mawe yanaandika myi. Alama ya irabu i mara nyingine imegeuzwa nyuma mbele. Maneno mengine yana d mwishoni ambayo baadaye ilitoweka. Wanaonukuu maandishi haya mara nyingi huyanyoosha yafanane na Kitibeti cha sasa, wakidhani wanamsaidia msomaji. Wanachofanya ni kufuta ushahidi unaotuwezesha kutofautisha andiko la karne ya 8 na nakala ya karne ya 14.

Kama ningeruhusiwa kuchagua kimoja, ningeziacha nguzo nikachukua vijiti. Katika ngome za Miran na Mazar Tagh, pembezoni mwa jangwa la Taklamakan, askari wa Tibet waliandika juu ya vipande vyembamba vya mbao, vyenye tundu upande wa kulia la kupitishia kamba: chakula kimepungua, zamu ya doria, mgonjwa hawezi kusafiri, shamba hili ni la nani. Barua zao huanza kwa kuulizia afya ya mpokeaji kwa urefu, kama barua zetu za zamani zilivyomaliza nusu ukurasa kabla ya kufika kwenye "ama baada ya salamu". Kazi ikiisha, kijiti kilikwanguliwa kwa kisu na kuandikwa tena. Kwenye baadhi ya picha, chini ya ombi la chakula, bado huonekana mkia wa herufi ya ujumbe wa awali ambao kisu hakikuufikia.