Vibao vya Barabarani Iowa Vituambie Zaidi

Hapa katika jimbo la Iowa, Marekani, ukitoka Des Moines kwenda Iowa City kwa barabara kuu ya I-80, unapita kaunti za Jasper, Poweshiek na Iowa kabla ya kuingia Johnson. Mpakani kuna kibao chenye jina la kaunti, basi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi huku, wengi wetu tuliotokea Kongo, tunavipita vibao hivyo tukienda kazini, kanisani na kwenye harusi. Watoto wetu wanazaliwa katika kaunti hizo. Naona wana haki ya kuelezwa majina haya ni ya akina nani.

Poweshiek alikuwa chifu wa Wameskwaki, kabila mojawapo la wenyeji wa asili. Mahaska, Wapello, Appanoose, Keokuk, Winneshiek na Black Hawk nao walikuwa viongozi wa wenyeji wa ardhi hii, na wote wana kaunti. Lakini majina yenyewe yamegawiwa ovyo. Mji wa Keokuk hauko katika kaunti ya Keokuk, uko Lee. Mji wa Wapello uko Louisa. Hata jiji la Des Moines haliko katika kaunti ya Des Moines, ambayo makao yake makuu ni Burlington, kule kwenye mto Mississippi.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Black Hawk. Baada ya vita vyake vya 1832 dhidi ya Marekani, watu wake walilazimishwa kuachia ukanda mpana wa ardhi magharibi ya Mississippi, na ukanda huo ukaitwa kwa jina lake. Alifariki 1838. Mifupa yake ikaibiwa kaburini, ikaishia katika jengo moja la Burlington lililoungua 1855. Leo kaunti ya Black Hawk, yenye mji wa Waterloo, iko mbali kaskazini, na dereva anayepita hapo haambiwi lolote kati ya hayo.

Barabara zenyewe ni sehemu ya historia hiyo. Baada ya mikataba iliyochukua ardhi ya wenyeji walikuja wapima ardhi, wakaikata ardhi hiyo katika miraba ya maili moja kwa maili moja, ndiyo maana barabara za changarawe huku zimenyooka na kukutana karibu kila maili. Barabara za kaunti zina mpango mzuri ambao kila mgeni anapaswa kuujua: zenye herufi A hadi J huelekea mashariki na magharibi, K hadi Z huelekea kaskazini na kusini. Ukiikuta E41 huwezi kupotea, na katika sehemu kadhaa utakuwa unapita njia ya zamani ya Lincoln Highway, barabara iliyovuka Marekani kutoka pwani hadi pwani. Serikali iliyoweza kupanga yote hayo kaunti 99 nzima haiwezi kushindwa kuongeza mistari mitatu ya maelezo kwenye kibao.

Johnson wameonyesha kwamba inawezekana. Kaunti hiyo ilipewa jina la Richard Mentor Johnson, makamu wa rais wa Marekani aliyemiliki watumwa. Mwaka 2021 viongozi wa kaunti waliamua kwamba jina libaki lakini limuenzi Lulu Merle Johnson, mwanahistoria Mweusi mzaliwa wa Iowa aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1941. Nilifurahi mno, kwani binti zetu wanasoma katika kaunti hii.

Ningependa wajumbe wa kaunti nyingine wafuate, wakishauriana kwanza na Wameskwaki wenyewe. Hawa hawakubaki kwenye vibao tu: mwaka 1857 walinunua ekari 80 katika kaunti ya Tama kwa fedha zao, wakaendelea kununua, na wapo hapo mpaka leo. Kazi ingeweza kuanzia kaunti ya Wapello, maana kaburi la chifu huyo liko karibu na mji wa Agency, jirani na barabara ya US 34.