Watoto Wawekewe Fungu Lao Kwanza

Mwaka ukikaribia kwisha, mabaraza ya wazee katika sharika zetu za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hukaa kutengeneza makisio ya mwaka unaokuja, kisha makisio hayo hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa usharika yapitishwe. Mpangilio wake tumeshauzoea. Mshahara wa mchungaji na watumishi wengine. Mgawo wa dayosisi, yaani sehemu ya mapato inayopelekwa dayosisini. Umeme na maji. Ukarabati wa nyumba ya mchungaji. Jengo, ambalo kwa sharika nyingi haliishi. Uzio, vipaza sauti, kinanda cha kwaya. Shule ya Jumapili ukiisubiri utaikuta chini kabisa, imeunganishwa na "mengineyo", na mara nyingi kiasi kilichoandikwa hapo kinatosha soda na biskuti za siku ya Mikaeli na Watoto, ile sikukuu ya watoto kanisani, basi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, kwa hiyo nina upande katika jambo hili na sioni haja ya kuuficha. Ninachotaka ni fungu la watoto liandikwe miongoni mwa matumizi ya kwanza, palepale penye mishahara, liwe na kitabu chake cha hesabu, na lisiazimwe kwa ajili ya kitu kingine chochote, hata kama fundi wa paa amesimama mlangoni akisubiri malipo yake.

Sura inayonisukuma kusema hivyo inasomwa sana makanisani, hasa wakati wa harambee za jengo. Ni 2 Wafalme 12, habari ya mfalme Yoashi na kasha la sadaka. Nyumba ya Bwana ilikuwa imebomoka hapa na pale. Mfalme aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuitengeneza, lakini hadi mwaka wa 23 wa utawala wake hakuna ufa uliokuwa umezibwa. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni, zikaenda kwa wasimamizi wa kazi, na kutoka kwao kwa maseremala, waashi na wakata mawe.

Wahubiri wetu huanzia hapo kwenye kasha. Naomba turudi nyuma sura moja tu. Huyu Yoashi ni nani? Ni mtoto mchanga aliyenusurika bibi yake Athalia alipoangamiza uzao wa kifalme. Shangazi yake Yehosheba alimwiba kutoka kati ya wale waliokuwa wakiuawa, akamficha, na mtoto akakaa nyumbani mwa Bwana miaka 6. Akatawazwa akiwa na miaka 7. Na Biblia inasema alitenda mema siku zote ambazo Yehoyada kuhani alimfundisha. Maana yake ni kwamba aliyekuja kuuliza kwa nini nyumba ya Mungu haitengenezwi na fedha zinakwenda wapi ni mtoto aliyelelewa na kufundishwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Kabla ya kasha, kabla ya maseremala, alikuwepo mtoto na mwalimu wake. Utaratibu wetu wa makisio umeugeuza mpangilio huo, na ndiyo maana sharika nyingi zina jengo zuri na darasa la watoto linalokaa chini ya mti.

Niseme kwanza habari ya hesabu zenyewe, kwa sababu fungu la watoto haliwezi kulindwa mahali ambapo mafungu yote yanachanganyika. Fedha ya usharika inaingia kwa milango mingi. Kuna sadaka ya kawaida ya kapuni, kuna ahadi inayotolewa kwa bahasha yenye namba ya msharika, fungu la kumi, sadaka ya shukrani, mavuno, michango maalumu, na ule mnada wa baada ya ibada ambapo kuku, mkungu wa ndizi na trei ya mayai hugeuka fedha nje ya mlango wa kanisa. Siku hizi na simu imeongezeka. Kwenye sadaka ya simu nina ombi moja lisilo na gharama: namba iwe ya usharika, yenye jina la usharika, isiwe ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Namba ya mtu humweka mwenye namba katika majaribu na maneno ambayo hakuyaomba.

Paulo aliliona hilo mapema. Alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba pamoja na Tito alituma ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu kwa habari ya fedha ile, akajali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Injili alikubali kukaguliwa na wenzake. Basi mhazini wa leo anapoombwa vitabu asione ametukanwa. Na sisi washarika tunaoomba tuombe kwa adabu, katika vikao vinavyohusika, tuache kunong'ona kwenye makundi ya WhatsApp.

Taarifa ya fedha inayosomwa kwa jumla moja kubwa ya mapato na jumla moja kubwa ya matumizi haimsaidii mtu. Naomba ibandikwe ubaoni kila robo mwaka, fungu kwa fungu, kilichokisiwa na kilichotumika vikiwa safu mbili zinazotazamana. Mama anayeuza mchicha wiki nzima na kuweka ahadi yake ndani ya bahasha ana haki ya kusimama mbele ya ubao ule asome kwa kidole. Nimeona pia kwamba mahali taarifa inapowekwa wazi hivyo, wazee wenyewe hupata amani, kwa sababu swali hujibiwa na karatasi kabla halijawa fitina.

Katika sura ileile ya Yoashi kuna mstari ambao huwa tunaupita haraka. Fedha zile za ukarabati hazikutumika kutengeneza vikombe vya fedha, wala mabakuli, wala tarumbeta za nyumba ya Bwana. Vyote hivyo vilikuwa vitu vitakatifu na vinavyohitajika, lakini fedha haikutolewa kwa ajili yake, basi haikuguswa. Usharikani kwetu sadaka ya siku ya Mikaeli na Watoto imewahi kuzama katika mfuko wa jumla ikaenda kwenye saruji. Hakuna aliyeiba. Saruji ilinunuliwa na risiti ipo. Lakini wazazi walitoa siku ile wakiwa wamewasikiliza watoto wao wakisema mistari ya moyo na kughani ngonjera mbele ya madhabahu, wengine machozi yakiwatoka, na walijua wanatoa kwa ajili ya nini. Kuhamisha sadaka ya namna hiyo bila kurudi kuwauliza waliotoa ni jambo ambalo Yehoyada asingelikubali.

Sasa, fungu hilo likipatikana lifanye nini? Hapa ndipo ninapotaka wazee wanisikilize zaidi, kwa sababu wengi wao wanadhani shule ya Jumapili ni mahali pa kuwatuliza watoto wakati watu wazima wanaabudu.

Njooni mtuone Jumapili moja. Mwalimu mmoja, mara nyingi binti aliyetoka kupata kipaimara juzijuzi, ana watoto wa miaka 3 hadi 13 kwenye benchi moja. Wadogo wanataka kuimba na kucheza. Wakubwa wameshachoka na hadithi ya Daudi na Goliathi, maana wameisikia kila mwaka kwa maneno yaleyale, na wana maswali ambayo binti yule hajawahi kufundishwa kuyajibu: kwa nini bibi alikufa wakati tulimwombea, kwa nini rafiki yangu Mwislamu anasali tofauti, Mungu aliumbwa na nani. Biblia iliyopo ni moja, ya mwalimu. Somo linategemea alichokumbuka asubuhi hiyo. Binti huyo simlaumu hata kidogo. Anafanya kwa moyo wake wote kazi ambayo sisi wengine tumeikwepa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kulipiwa ni mafunzo ya walimu. Watoto wagawanywe kwa umri angalau makundi matatu, kila kundi liwe na walimu wawili, na walimu hao wapewe semina ya kweli, ya siku kadhaa, yenye nauli na chakula, waongozwe na watu waliosomea elimu ya Kikristo. Wawili kwa sababu mmoja akiugua darasa lisife, na kwa sababu mtoto hapaswi kuachwa peke yake na mtu mzima mmoja mahali pasipoonekana. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nchini. Kanisa lingepaswa kuwa mbele ya sheria katika kuwalinda watoto, lisisubiri kusukumwa. Baada ya walimu ndipo vije vitabu: Biblia za kutosha ili watoto wanaoweza kusoma wasome wenyewe, daftari, picha, rangi. Halafu mahali pa kukaa pasipo na mvua. Naliweka jengo la watoto la mwisho kwa makusudi. Mwalimu mzuri chini ya mwembe ananipa matumaini kuliko darasa lenye vigae lisilo na mwalimu.

Historia ya kanisa letu inaniunga mkono. Wamisionari wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Wajerumani waliondolewa nchini, na waliobaki na mzigo wa sharika zile walikuwa walimu na wazee Waafrika, watu waliojifunza kusoma na Katekisimo, yaani mafundisho ya msingi ya imani, katika vishule vya misheni. Wao ndio walioendelea kukusanya watu, kuwafundisha watoto na kuliendeleza Neno vijijini. Waliyoyapokea wakiwa darasani ndiyo yaliyobeba kanisa katika miaka ile ya upweke.

Na Martin Luther mwenyewe, ambaye jina lake tumelibeba, alishtushwa na hali ya watu alipokwenda kukagua sharika za Saksonia, Ujerumani, mwaka 1528. Alikuta Wakristo waliobatizwa wasiojua hata Amri Kumi wala Sala ya Bwana. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimo Ndogo, akaeleza kwamba ni namna mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Tunasahau sehemu hiyo ya nyumbani. Mtoto anakuwa nasi saa moja tu Jumapili. Saa nyingine zote za wiki yuko kwenu. Timotheo alipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike kabla hajakutana na Paulo. Ndiyo maana ningependa sehemu ndogo ya fungu la watoto iende kwenye karatasi ya somo ambayo mtoto anarudi nayo nyumbani: andiko la wiki, maswali mawili, ombi moja. Jumuiya nazo, zinapokutana nyumbani kwa mtu katikati ya wiki, ziache desturi ya kuwafukuza watoto waende wakacheze nje. Wapewe kusoma andiko.

Najua hoja ya upande wa pili, na wanaoisema ni watu wanaolipenda kanisa. Wanasema jengo likikamilika litakuwa la watoto hao hao, na kwamba fedha ni kidogo, tumalize moja kwanza. Yesu amefundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Ndiyo, tuketi. Lakini tukihesabu gharama tuhesabu na hii: kila mwaka tunaposubiri jengo, kundi zima la watoto linavuka umri wa shule ya Jumapili. Paa linaweza kungoja. Mtoto wa miaka 9 mwakani atakuwa na 10, na hakuna harambee itakayomrudisha. Hao ndio tunaowakuta kwenye darasa la kipaimara wakijifunza kwa mara ya kwanza mambo waliyopaswa kuyajua tangu wadogo, na baada ya kipaimara hatuwaoni tena mpaka ndoa.

Tena Yoashi ana onyo kwa walimu pia. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24, kinasema Yehoyada alipokufa mfalme akasikiliza wakuu waliomshawishi, akaiacha nyumba ya Bwana, hata akaamuru Zekaria mwana wa Yehoyada apigwe mawe uani mwa nyumba ileile aliyoitengeneza. Sura hiyo huniumiza kila ninapoisoma. Jengo lilikuwa limekarabatiwa vizuri sana. Mfalme alikuwa amemfuata mwalimu wake maisha yake yote, na mwalimu alipoondoka hakubaki na kitu cha kusimamia. Watoto wetu nao watahama, wataenda shule za bweni, vyuoni, mijini, mahali ambapo mchungaji wao hayupo. Kukariri mistari kwa ajili ya siku ya Mikaeli hakutawafikisha mbali. Wanahitaji kufundishwa kuisoma Biblia wenyewe, kuuliza, na kuomba kwa maneno yao.

Kwa makisio ya mwaka ujao, basi, napendekeza usharika utenge sehemu isiyopungua moja ya kumi ya mapato yanayobaki baada ya mgawo wa dayosisi na mishahara, iandikwe kwa jina la elimu ya Kikristo ya watoto, na sadaka ya siku ya Mikaeli iongezwe juu yake bila kupunguza kitu. Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili aingie kwenye kamati ya fedha. Semina ya walimu ifanyike kabla ya Pasaka, na Biblia ziwe mikononi mwa watoto kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita. Mitaa ya mbali, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya usharika, isisahauliwe, maana huko mara nyingi mwinjilisti ndiye kila kitu. Wao wapelekewe vifaa kwanza, kabla ya usharikani.

Itabidi kitu kisogezwe ili hayo yawezekane. Kwetu naona ni uzio. Nimeshawaambia wazee wangu hivyo, na nitasema tena kwenye mkutano mkuu.