Risiti Iliyopigwa Pasi

Chumbani kwetu Kisauni, Mombasa, sheria ya mashindano ilikuwa moja: hatununui kitu kwa ajili ya zawadi. Kama ni sabuni ya unga, iwe ni sabuni ambayo mashati yangeililia hata bila droo. Yale mashindano ya redioni ya kutuma neno kwa namba fupi tuliyaacha, kwa sababu ujumbe wake hutozwa zaidi ya ujumbe wa kawaida, na ukituma mmoja unajibiwa, "Hongera! Umeingia droo. Tuma tena uongeze nafasi." Jumbe kumi za namna hiyo ni sahani ya mbaazi na mahamri mawili, na mbaazi hazina vigezo na masharti ya kuzingatiwa.

Shindano tulilolipenda lilikuwa la duka kubwa moja, tena tawi moja tu. Ununue vitu vya shilingi 500, ndani yake iwemo sabuni fulani, kisha utume jina lako na namba ya risiti. Shindano la tawi moja lina washiriki wachache kuliko la nchi nzima, na zawadi za chini ndizo nyingi. Watu wakijipanga kwa ajili ya pikipiki, wewe ota meko ya gesi ya kilo 6. Jina liwe lile la kitambulisho. Ukijiandikisha Simba wa Kisauni, siku ya zawadi utaambiwa umlete huyo simba. Na mstari wa mwisho wa masharti, ule ulioandikwa kwa herufi za sisimizi, ulisema mshindi alete risiti halisi.

Simu ya ushindi ilipoingia nilikuwa kisimani nachota maji. Aliyeipokea ni mwenzangu wa chumba, mtu ambaye matapeli wa simu wamemwonjesha vya kutosha.

"Habari kaka, hongera, umejishindia meko ya gesi..."

"Dada, huoni haya? Juzi mwanipa gari, leo mwanipa meko. Mwashuka bei?"

Akakata. Dada wa watu akapiga tena, akaambiwa ampelekee mamake hiyo meko akapikie. Kufikia mimi napandisha mitungi ngazini, namba yake ilikuwa imeshatumwa 333, ambako wateja wa Safaricom huripoti matapeli bila malipo. Mwenzangu alikuwa anatembea kifua mbele kama askari wa bandari.

Kilichomponza ni kutosikiliza mpaka mwisho. Tapeli lazima afike kwenye pesa: ada ya usajili, ya usafiri wa zawadi, au akuombe namba ya siri ya M-Pesa "ili tuhakikishe akaunti". Huyu hakuomba hata shilingi. Nilipompigia, kwa sauti ya mtu aliyekwishatukanwa mara mbili, akasema nilete kitambulisho na risiti halisi inayosomeka, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Hiyo ilikuwa Alhamisi usiku.

Risiti ilikuwepo. Ilikuwa mfukoni mwa shati lililonyeshewa na mvua ya masika toka Daraja la Nyali hadi mlangoni, imekunjwa mara nne, imelowa chepechepe, lakini maandishi yote yasomeka. Karatasi ya hivyo haihitaji ufundi: unaikunjua polepole, unailaza kati ya magazeti makavu, unaweka daftari juu, unaiacha kivulini mpaka asubuhi.

Mwenzangu alitaka kufuta dhambi ya simu. Alfajiri, mimi nimelala, akawasha pasi ya makaa kwa ajili ya kanzu yake ya Ijumaa. Alipomaliza kanzu akaona makaa bado yana moto, akailaza risiti mezani, akaifunika leso kwa adabu zote, akapitisha pasi.

Nikaamshwa na ukimya. Pale mezani palikuwa na kipande cha karatasi kilichonyooka vizuri ajabu, cheusi tii kama matako ya sufuria.

"Maandishi hayajafutika," akasema. "Yamezidi."

Na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mashine za risiti za madukani hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa upande mmoja rangi isiyoonekana pamoja na kemikali ya kuiamsha. Kichwa cha mashine kina vinukta vya moto. Kila kinapogusa, vitu hivyo viwili huyeyuka na kuchanganyika, na herufi inatokea. Pasi ni kichwa cha mashine kisichojua kusoma: kiligusa kote, kikaandika kote.

Habari ikafika ghorofa ya chini kabla ya chai. Mama muuza barafu za ukwaju akasema, "Leteni niitie kwenye friza, mwanangu, wino utarudi." Hakuwa anabahatisha. Zipo kalamu ambazo wino wake hupotea kwa joto na kurudi kwa baridi kali. Risiti haimo katika ukoo huo. Ilitoka frizani ikiwa nyeusi vilevile, sasa yanukia ukwaju. Jirani mwingine akaja na chupa ya spiriti, tukamzuia mlangoni. Spiriti nayo huzitia weusi karatasi hizi hata kabla hazijaona pasi. Mwenzangu, ambaye kufikia hapo alistahili kunyamaza, akagundua kuwa nyuma ya karatasi bado ni nyeupe, akaomba kalamu ajaze mwenyewe.

Kilichotuokoa ni umaskini wa kutotembea na noti. Tulikuwa tumelipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo una mambo ya kutosha kuitafuta risiti, hata kama hautaji sabuni: msimbo wa herufi na tarakimu 10, kiasi, jina la duka, tarehe na saa hadi dakika. (Ukiwa umeshafuta ujumbe, *334# itakuagizia taarifa ya akaunti.) Kwa saa na kiasi, msimamizi wa kaunta alilipata ununuzi wetu kwenye kompyuta chini ya dakika tano, akachapisha risiti upya. Ikatoka na neno "nakala" juu kabisa, na masharti yanataka halisi.

"Halisi hii hapa," mwenzangu akasema, akaweka ile nyeusi kaunta kwa mikono miwili.

Meneja aliigeuza, akainusa, akauliza kwa nini ina ukwaju. Aliposimuliwa ilibidi akae. Namba niliyotuma kwenye shindano na ya kwenye nakala zilikuwa moja, kitambulisho ni changu, basi akabana nakala na nyeusi pamoja kwa pini, akatia sahihi. Yule dada wa simu akaletwa kupiga picha ya mshindi. Mwenzangu akamtambua sauti, akaona kumwomba msamaha hakutoshi bila kumbebea meko, akaikumbatia mbele ya kamera wakati mimi natia sahihi kitabuni.

Picha ilibandikwa mlangoni mwa duka: yeye na kanzu yake iliyonyooka, meko kifuani, na chini yake jina langu kamili. Sikio langu la kushoto laonekana pembeni. Kisauni nzima ilimpongeza yeye, na wawili wakamkopa.