Sadaka inahesabiwa na watu wawili, watoto je?

Hii ishu ya kuwakagua wanaojitolea kufundisha watoto kanisani huwa inawasha moto kila ikiguswa. Uongozi unaleta fomu, unaulizwa ulikuwa unaabudu wapi kabla ya kuja hapa, utaje watu wawili wanaokufahamu na wasiwe ndugu zako, halafu ulete na cheti cha polisi kwamba huna kesi. Basi mama ambaye amefundisha sandei skuli miaka ishirini, amewabeba watoto wa watoto aliowafundisha, anaumia kweli, anauliza kwani siku zote mlikuwa mnanionaje? Na mi namwelewa kabisa, kanisani watu wanaitana kaka na dada, sasa ndugu yako anakuombaje cheti cha polisi.

Wanaopinga wana hoja za maana tusiwadharau. Walimu wa watoto ni wachache kila mahali, ukiweka milango mitano ya kupita wengine watarudi zao kwaya. Halafu kuna yule kijana aliyewahi kuwa na kesi ya wizi mdogo zamani, akaokoka, amebadilika kila mtu anaona, leo umwambie aandike yale mambo kwenye karatasi ambayo hajui itasomwa na nani. Hapa ndo pananisumbua zaidi kuliko kwingine, kwa sababu kanisa likiwa dogo fomu inashikwa na mtu mmoja, huyo mtu akiwa na mdomo mwepesi siri ya mwenzake inafika jikoni kwa wapishi wa sherehe kabla ya Jumapili ijayo. Kanisa lisiloweza kutunza siri za watu lisianze kukusanya siri za watu, lipange kwanza nani anasoma, karatasi zinafungiwa wapi, na kosa lipi linamzuia mtu asikae na watoto na lipi halihusiani kabisa na watoto.

Lakini sasa tuje upande wa pili. Mwaka 2019 magazeti mawili ya Texas, Houston Chronicle na San Antonio Express-News, yalichunguza makanisa ya Southern Baptist, dhehebu la Wabaptisti kule Marekani, yakakuta viongozi na watu wa kujitolea kama 380 waliotuhumiwa kwa makosa ya ngono tangu 1998, waathirika zaidi ya 700. Kilichoniuma pale ni kwamba kwenye madhehebu yale kila kanisa linajitegemea, linachagua watu wake lenyewe, kwa hiyo kuna waliogundulika sehemu moja wakahama kimya kimya wakapokelewa kwingine kwa shangwe. Simu moja tu kwa kanisa la zamani ingeweza kuzuia mengi. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa darasa la watoto wa miaka sita baada ya kuhudhuria wiki mbili, hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi, nilifurahi sana siku ile, leo nikikumbuka naogopa.

Kuna hoja moja inatumika sana, kwamba kukagua watu ni kukosa imani na msamaha. Hapana. Angalia sadaka. Makanisa mengi hakuna mtu anayeachiwa kuhesabu sadaka peke yake, wanakaa wawili au watatu, wanaandika, wanasaini, na mhazini hanuni kwamba ameitwa mwizi. Aliyewahi kuiba akitubu tunamkumbatia na tunakaa naye benchi moja ila funguo za sanduku hatumrudishii, na wote tunaona ni busara. Kwa hiyo kumbe tunajua vizuri tu tofauti ya kumsamehe mtu na kumkabidhi kitu.

Ila na wanaounga mkono nao wakosolewe, maana wengi wanadhani cheti kikishapatikana kazi imeisha. Uingereza mwaka 2002 mhudumu wa shule pale Soham, Ian Huntley, aliua wasichana wawili wa miaka 10. Alipoajiriwa alikaguliwa na hakuna kilichoonekana, wakati polisi wa eneo alikotoka walishapokea tuhuma kadhaa za ngono dhidi yake zikiwemo za wasichana wa umri mdogo, hakuwahi kuhukumiwa kwa hizo na taarifa hazikufika kule alikoajiriwa. Cheti kinakuambia mtu hajawahi kukamatwa akapatikana na hatia, basi. Wengi wanaoumiza watoto hawajawahi hata kuripotiwa. Kwa hiyo kanisa linalokusanya vyeti halafu linamwacha mwalimu mmoja na watoto chumba kimefungwa mlango, mi naona liko hatarini kuliko lisilo na cheti hata kimoja ila kila darasa lina watu wazima wawili wasio mke na mume na mlango una kioo.

Ningeulizwa nianze wapi ningeanza na hiyo ya watu wawili, ni bure na inaweza kuanza Jumapili hii. Pili mtu mgeni akae miezi sita kwanza tumfahamu ndo aguse huduma ya watoto, kwa sababu mwenye nia mbaya mara nyingi ana haraka. Tatu wale watu wawili aliowataja wapigiwe simu kweli, siyo majina yakae kwenye faili, uliza wazi: wewe ungemwachia mwanao? Ukisikia mtu anakaa kimya kidogo kabla ya kujibu, usikate simu, endelea kuuliza. Cheti kije baada ya hapo, pale kinapopatikana.

Na yule mama wa miaka ishirini naye ajaze, lakini asiwe wa kwanza. Wa kwanza awe mchungaji, ajaze fomu yake mbele ya walimu wote, wafuate wazee wa kanisa, halafu mchungaji mwenyewe aende kukaa na yule mama amweleze kwa upole kwamba jina lake linahitajika ili siku akija mtu tusiyemjua, tusilazimike kumwambia wewe peke yako ndo tunakushuku.